Vitabu Vyenye Harufu ya Kamba

Nikikutana leo na riwaya ya mapenzi ya zamani, ile ya majumba ya mawe na misafara ya pembe, siianzi mwanzo. Naifungua katikati, narudi nyuma, naenda mbele, natafuta jambo moja tu: ukurasa ambao mwanamke anafungua mdomo kwa mara ya kwanza. Ndivyo ninavyozipima. Wenzangu wananicheka, wanasema nina wazimu wa kuhesabu kurasa. Nawajibu kwamba wazimu huo niliupata Kibiti, uani kwa mjomba wangu, miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, na dawa yake siitaki.

Nilipelekwa Kibiti kusoma. Wazazi wangu walikuwa wakulima wa mpunga bondeni, na msimu wa kuwinga ndege ukifika walihamia shamba na kuishi madunguni, vile vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya maji, miezi na miezi. Mtoto akiwafuata huko, shule ndiyo imekwisha. Basi mama akanikabidhi kwa kaka yake mkubwa, fundi cherehani, mtu mpole, mtu wa msikitini. Mitumba ilikuwa imeanza kuingia kwa marobota, na siku nzima mjomba alikaa barazani akipunguza suruali za Wazungu wanene ziwaenee vijana wa Kibiti.

Humo ndani nilimkuta mama mdogo, kitinda mimba wao. Aliozwa akiwa na miaka kumi na saba kwa mtu wa Nyamwage, akakaa naye miaka minne, akarudi na sanduku lake na talaka yake. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kucheka, mwepesi zaidi wa kununa. Alisuka ukili wa mikeka kutwa nzima, uani, miguu ameinyoosha kwenye jamvi, na vidole vyake vilikwenda vyenyewe huku macho yakitazama pengine. Shule aliiachia darasa la nne. Herufi alizijua, ila alisema zinamchelewesha, hadithi inapoa kabla hajaufikia mwisho wa mstari.

"Miye sisomi," aliniambia wiki ya kwanza. "Miye nasikiliza. Lete hicho kitabu, soma, na usinirukie hata neno."

Kitabu chenyewe nilikuwa nimekiazima kwenye kabati la shule. Kisa cha binti wa tajiri wa pwani na mpagazi wa msafara. Mpagazi anaondoka kwenda bara, binti anabaki dirishani. Nikasoma, mama mdogo anasuka. Ukurasa wa kumi, binti yuko dirishani. Ukurasa wa thelathini, bado yuko dirishani. Mpagazi amekwisha kupita mito mitatu, ameugua homa akapona, ameibiwa, amepigana, na binti hajasema hata "karibuni". Nilikuwa na miaka kumi na miwili na damu ya moto, nikaanza kukasirika. Nikaufunua ukurasa baada ya ukurasa nikitafuta sauti yake, na nikaipata ukurasa wa sitini na moja. Alisema: "Kama baba apendavyo."

Nilikirusha kitabu mchangani. Mama mdogo akacheka mpaka ukili ukamfumuka, kisha akaniamuru nikakiokote, nifute mchanga, nimalize. Tulipofika harusini alikuwa analengwa na machozi. Nami pia, nakiri, ingawa nilikuwa nimenuna. Tangu siku hiyo nikaanza kuweka alama ya mkaa pembeni mwa ukurasa ambao mwanamke anasema kwanza.

Cha shule kilipokwisha tukavamia kasha la mjomba. Vitabu vya mjomba vilikuwa vya miaka ya nyuma kidogo, enzi za vijiji vya ujamaa na foleni za sukari, na humo mapenzi ya kale yalikuwa yamebadilika kabisa. Kimoja sitakisahau. Kijana na msichana wanapendana wakati wa Mjerumani, wanakimbilia milimani Umatumbini kukwepa mashamba ya pamba ya kulazimishwa. Nikashika kitabu kwa mikono miwili kwa raha, maana milima ile naijua na watu wake ni jirani zetu. Na msichana alisema ukurasa wa tano tu! Nikachora alama ya mkaa kubwa kama kidole. Lakini alisema nini? Alisema juu ya umoja. Kila walipokaribia kushikana mikono, mwandishi aliwakumbusha hali ya nchi, wakaachana, wakaanza kuzungumza habari za majembe.

"Huyu hana mpenzi," mama mdogo akasema. "Ana mkutano."

Nilicheka siku tatu. Lakini nilijifunza kitu, na nilikijua palepale uani, hakuna mwalimu aliyenieleza: mwandishi akiandika habari za kale, anaandika ya siku zake mwenyewe. Yule wa kwanza alimtaka binti mtiifu, akamweka dirishani. Yule wa pili alimtaka mwananchi, akampa hotuba. Wote wawili hawakumuuliza yule msichana mwenyewe. Nilitamani kumwambia mtu jambo hilo kubwa nililoligundua, na mtu aliyekuwapo ni mama mdogo, naye akaniambia nisome, nisihubiri.

Ndipo akaja mchuuzi wa kamba.

Alikuwa mtu wa Mbwera, visiwani huko. Alinunua kamba wakavu kwa wavuvi, akavuka nao kwa boti hadi Nyamisati, akapanda lori mpaka Kibiti, kisha akaendelea Dar es Salaam. Aliporudi aliteremka Kibiti kulala kwa ndugu zake, na ndugu zake walikuwa jirani zetu wa ukuta mmoja. Siku moja alileta suruali kwa mjomba ipunguzwe, akanisikia nasoma uani. Safari iliyofuata aliniita barazani, akatoa kwenye gunia vitabu vitatu vyembamba, vimebanwa pini mbili katikati, karatasi zake laini za kuchafua vidole. Alivipata Kariakoo, kwenye turubai la vitabu chakavu. Akasema ni vyangu na vya wa ndani. Hakumtaja wa ndani ni nani.

Jamani vitabu vile! Vilinuka kamba kuanzia jalada hadi pini. Jalada lilikuwa na mwanamke aliyetia dawa nywele, amepaka rangi ya mdomo, na nyuma yake kasri la Sultani. Ndani, mtoto wa waziri anamfuata binti wa mshona kofia gizani, na njia anajimulikia kwa tochi. Tochi! Tulimtafuta muuza betri wa enzi ya Sultani tusimpate. Bibi harusi mmoja alishuka ngazi za kasri kwa viatu vya visigino virefu. Zilikuwa siku za kila mtu kuuza anachoweza kuuza, na nadhani waandishi wale waliandika usiku mmoja na kuuza asubuhi. Lakini nani alijali? Kurasa zilijaa udi, asumini, barua zilizofichwa kwenye mikunjo ya khanga, na mapenzi hasa, mapenzi ya mtu kukosa kula. Nilisoma mpaka koo likanikauka. Likawa halipiti juma la pili mchuuzi hajaleta kingine, na mama mdogo akawa analijua lori la Nyamisati kwa mlio.

Vitabu vya pini vilikuwa na desturi yao. Karibu vyote, posa ikija, binti anaulizwa mara tatu. Mara ya kwanza anainamisha macho. Mara ya pili chozi linamdondoka. Mara ya tatu anaitikia kwa kichwa, na vigelegele vinapigwa mji mzima. Kutamka, hatamki. Mimi palinichosha. Alama yangu ya mkaa ilikosa pa kukaa, vitabu vinne mfululizo. Mama mdogo alipapenda kuliko pote, akinisomesha mara mbili mbili.

Nikamuuliza kwa nini. Akasuka kidogo kabla ya kunijibu.

"Mimi niliulizwa mara moja," akasema. "Nikanyamaza kwa hofu. Sijamaliza kunyamaza, nasikia vigelegele. Hawa wanaulizwa mara tatu, mwanangu. Mtu anangojwa."

Kwetu ndivyo ilivyo: mwari akiulizwa akanyamaza, amekubali, kwa kuwa haya zake ndizo jibu. Ila aliyekwisha kuolewa akaachika, kimya chake hakihesabiki. Huyo ni lazima atamke kwa ulimi wake. Nililijua jambo hilo kama kila mtoto wa chuo cha Kurani alivyolijua, na sikulifikiria zaidi.

Mwaka uliofuata, nikiwa darasa la saba, mchuuzi alileta kitabu kisichokuwa na jalada. Nilikifungua nikiwa nimesimama, na sikukaa mpaka magoti yaliponiuma. Ni zama za vita vya Maji Maji, na mwanamke anauza chumvi njiani. Amesema ukurasa wa kwanza! Mstari wa kwanza ni sauti yake, anabishana bei. Anapenda, anakosana na ampendaye, anamwambia waziwazi lini aje na lini asije, na kila mtu aliyemzunguka ana njaa, ana hofu, ana utani, ni watu. Nilizunguka uani nikipiga makofi. Nilihisi mtu amenifungulia dirisha lile la binti wa tajiri, akamruhusu ateremke aende zake sokoni. Nilitaka kumsomea kila mtu wa Kibiti, hata wateja wa suruali.

Mama mdogo hakukipenda.

"Hana haya huyu."

Nikamwambia ana haya zake, ila ana mdomo pia. Akasema mdomo wa kuuzia chumvi si wa kuolewa. Tulibishana siku nyingi, mimi nikipandisha sauti, yeye akinuna na kusuka kwa kasi. Alitaka tuvirudie vya pini. Nilimsomea, lakini kwa uvivu, nikirukaruka, naye akinishika kila mara niliporuka.

Tukiwa katika ugomvi huo, posa ikaingia. Ilikuwa Jumatano alasiri. Mshenga, mzee wa makamo kutoka Mbwera, alikaa barazani na mjomba, akatoa leso nyeupe, na ndani ya leso barua. Mchuuzi wa kamba anaomba kumwoa mama mdogo. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango, nikakimbia uani kumpasha habari. Nilimkuta amekwisha kusikia. Uso ulimwaka, mikono haimtulii, ukili ameukosea mara tatu na anaufumua. Mtu asiyeona furaha ile angekuwa kipofu. Nikamkumbatia, tukaanguka wote wawili juu ya miyaa yake ya kusukia.

Jioni ile mkazamjomba, yaani mke wa mjomba, akaja kumuuliza. Mama mdogo akainamisha macho. Mkazamjomba akangoja, akaondoka.

Alhamisi akaja tena. Mama mdogo akajifunika khanga usoni, na chozi kweli likamtoka, nililiona. Mkazamjomba akangoja zaidi ya jana, akaondoka kichwa chini. Mimi nilikuwa natabasamu kama mjinga. Mpaka hapo nilidhani mambo yanakwenda vizuri.

Ijumaa nilirudi kutoka shule mapema, kama ilivyo desturi. Nikapita ubavuni mwa nyumba, na dirishani nikamsikia mjomba akizungumza na mkewe. Alisema barua anairudisha. Mshenga ataondoka na lori la Nyamisati baada ya sala, na si vizuri kumkalisha mtu wa watu na jibu lipo. Mkazamjomba akasema pengine binti anaona haya tu. Mjomba akamkatiza, na sijawahi kumsikia akimkatiza mtu.

"Mara ya kwanza nilikichukua kimya chake nikamwoza," akasema. "Sikichukui tena. Kama anamtaka atasema. Hakusema, hataki, na mimi simlazimishi mara ya pili."

Nikaelewa yote kwa mara moja. Mjomba alikuwa anamlinda. Mama mdogo alikuwa anangoja. Na mara ile ya tatu aliyokuwa anaingoja ilikuwa ya vitabu, haikuwa ya nyumba yetu. Nani alimtia vitabu vile masikioni kwa mwaka mzima, kama si mimi? Nikakimbilia uani.

Nilimkuta ameoga, amevaa khanga mpya, anasuka. Nikamwambia mjomba anairudisha barua. Akanitazama kwa huruma, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto mwenye haraka.

"Bado mara moja," akasema. "Wataniuliza."

"Hawaulizi tena, mama mdogo."

"Wataniuliza. Mtu akithaminiwa huulizwa."

Nikamsihi. Akakasirika, akasema nimekuwa na mdomo kama yule wangu wa chumvi. Barazani nilisikia mshenga anapiga hodi, na mjomba anamkaribisha. Hasira na hofu vilinipanda pamoja. Sikuwa na maneno ambayo angenisikiliza, kwa maana hakuwahi kunisikiliza mimi, alisikiliza vitabu. Basi nikakichukua kile kisicho na jalada, nikakaa jamvini mbele yake, nikafungua popote, nikaanza kusoma. Hakuniambia niache. Hakuwahi kuniambia niache kusoma.

Nilisoma kwamba binti alikuwa uani kwa kaka yake. Kwamba posa ilikuwa imekuja na aliulizwa mara mbili, na moyoni alikuwa amekwisha kujibu. Kwamba kaka yake alikuwa mtu mwema, na kwa wema wake hakutaka kumuuliza mara ya tatu, asije akaonekana anamlazimisha. Kwamba kaka ameikunja leso, na mshenga ameshika bakora yake. Nilikwenda kwa mwendo ule ule wa kila siku, nikitua kwenye nukta, macho yameganda kwenye ukurasa uliozungumzia vipimo vya chumvi.

Vidole vya mama mdogo vikasimama.

"Hiyo imeandikwa humo?"

"Imeandikwa."

"Endelea. Alifanya nini?"

"Alisimama. Akaingia ndani, akapita ukumbini, akafika mlango wa barazani."

"Akasema nini?"

Nilitafuta. Wallahi nilitafuta neno la kumpa. Kichwani nilikuwa na kasri zima, asumini, udi na mawaziri, na sikupata hata sentensi moja ambayo mwanamke aliyeachika wa Kibiti angeweza kuisema mbele ya kaka yake na mgeni. Katika vitabu vyote tulivyosoma, hakuna aliyeiandika.

"Sijui, mama mdogo," nikasema. "Hapa hapajaandikwa."

Akauweka ukili chini, taratibu, akajifunga khanga vizuri kichwani, akasimama. Nilimfuata nyuma. Ukumbini mkazamjomba alitaka kumzuia, akamwachia. Mama mdogo akasimama mlangoni pa baraza, mkono mmoja kwenye mwimo. Mjomba alikuwa amekwisha kuvaa kanzu ya kwendea msikitini, na ile leso iliyokunjwa alikuwa anampa mshenga. Mikono yao ilikuwa imekutana juu yake.

"Kaka," akasema, "usiirudishe. Namtaka."

Mshenga akaushusha mkono, akayatazama makubazi miguuni mwake. Mjomba hakugeuka mara moja. Alipogeuka alimwuliza kwa sauti ndogo kama amesikia vizuri.

"Umesikia. Namtaka. Uniulize hata mara kumi, nitasema hivyo hivyo."

Nilitaka kupiga kigelegele, kilikuwa kimefika kooni. Lakini nikaona uso wa mjomba. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani bila kuangalia anapokaa, na kanzu imekunjamana chini yake.

"Na yule wa Nyamwage?" akauliza.

Mama mdogo akanyamaza kidogo. Safari hii alinyamaza kama mtu anayechagua.

"Yule sikumtaka. Nilikuwa naogopa."

"Nilijua," mjomba akasema. "Siku ile nilijua."

Mshenga akajitia kutazama barabarani. Mama mdogo hakuondoka mlangoni, wala hakujifunika uso. Alimtazama kaka yake, naye akajiacha atazamwe, mpaka adhana ya Ijumaa ikaanza. Ndipo mjomba akaifungua ile leso, akaitandaza barua juu ya cherehani, akaniambia nilete kalamu.